Dirisha la Upande wa Mungaa

Sipendi watu wanaonifundisha pa kukaa ndani ya ndege. Siku hizi wamekuwa wengi. Mtu kapanda mara tatu tu, tayari ni mwalimu: kaa upande huu uone mlima, usikae usawa wa bawa, asubuhi jua litakuchoma macho upande ule. Mwezi uliopita binti yangu alinichagulia kiti kwenye simu yake, dirishani, akanionyesha huku anatabasamu. Nikamwambia akibadilishe. Nataka kiti cha ndani, karibu na choo, na nikishafunga mkanda nalala. Akanuna. Na anune.

Kiti cha dirishani mimi nilikwishakipigania, tena kwa mikono, na nikakipata. Ndiyo maana sikitaki.

Wakati huo nilikuwa bibi maendeleo. Nilizunguka vijijini kwa baiskeli ya serikali kuwafundisha akina mama kuchemsha maji, kuuchanganyia uji wa mtoto karanga na kuchimba choo mbali na kisima. Nilipanga chumba Utemini, pale Singida mjini, lakini kwetu ni upande wa Mungaa. Na kwetu kulikuwa kumehamishwa. Ulikuwa mwaka wa operesheni, watu wanakusanywa kwenye vijiji vya ujamaa, na mama yangu, mjane, alipakiwa kwenye lori na mbuzi kumi na mmoja na kinu chake, akateremshwa kwenye kijiji kipya umbali wa kutwa nzima kwa miguu.

Sitasema kila kitu cha miaka ile kilikuwa kibaya. Mimi mwenyewe nilikula mshahara wake. Nasema habari za mtu mmoja tu, naye ni katibu kata.

Alikuwa mtu wa kuja, kutoka mikoa ya migomba huko, mnene, msafi, mwenye suti ya mikono mifupi ambayo kalamu nne zilikuwa hazitoki mfukoni mwake. Siku ya kuhamisha, mama alikaa mlangoni pa nyumba yake akakataa kuinuka. Mgambo walitaka kumbeba. Katibu akawazuia, akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwa upole, "Mama, nyumba yako haitaguswa. Tutaifanya ghala la kijiji. Mambo yakitulia tutaona." Mama akainuka mwenyewe, akapanda lori.

Kwa neno hilo moja, mama alikataa kujenga kule kwenye kijiji kipya. Wenzake walikata miti, wakakandika. Yeye alikaa kwenye kibanda cha nyasi ambacho hata kuku angekidharau. Kaka yangu alipomletea miti alimfukuza. "Mwenye nyumba hajengi nyumba," alisema, na mama yangu akisema jambo lilikuwa limesemwa. Wakati huo kifua kilikwisha kumshika. Nilipomtembelea mwezi wa kumi alikuwa akikohoa mpaka anashika nguzo, na mvua zilikuwa zimebakiza wiki chache. Mvua ya kwetu haina adabu. Ikianza kumnyeshea pale ingemuua, na yeye hakuwa na habari.

Kaka alijaribu kwenda kuitazama nyumba. Mgambo walimkamata njiani, maana kurudi mahame kulikatazwa, wakamfyekesha majani ya ofisi ya kata siku nne. Katibu nilimwuliza mara mbili ofisini kwake. Mara zote mbili alinijibu, "Ndugu Bibi Maendeleo, nyumba ipo." Alikuwa akijibu huku anaandika, bila kuinua kichwa. Sikumwamini hata kidogo. Lakini kutomwamini mtu si ushahidi, na mama alitaka ushahidi. "Nenda ukaione kwa macho yako," aliniambia. "Ukiniambia haipo, nitajenga kesho. Ukiniambia ipo, usinisumbue tena na miti yenu."

Basi ikaja semina Dodoma, na mkoa ukaamua baadhi yetu twende kwa ndege ndogo iliyokuwa ikirudi huko na mizigo. Watatu tu: mimi, bwana mmoja wa idara ya maji, na katibu kata. Waliposoma jina lake sikujali. Nilikuwa nawaza kitu kimoja. Ndege ikienda Dodoma itapita kwetu.

Hospitalini kulikuwa na dresa aliyewahi kupanda ndege mara mbili kusindikiza wagonjwa. Nilimfuata kama watu wanavyomfuata mganga. Alichora chini kwa kijiti: hapa Singida, hapa Ikungi, hapa Mungaa. "Ukiwa kwenye basi kwenda kusini, Mungaa si iko kushoto? Basi kaa kushoto. Bawa la ndege ile liko juu, halitakuzuia. Na usikae nyuma, nyuma ni mizigo." Nikamletea kibuyu cha asali kwa elimu hiyo. Leo najua kwamba alikuwa akijivuna tu, na kwamba safari zote mbili alikuwa amefumba macho akitapika. Alikuja kukiri mwenyewe miaka baadaye, akicheka. Mimi sikucheka.

Asubuhi ya safari nilifika kiwanjani kabla hata mlinzi hajafukuza mbuzi kwenye njia ya ndege. Rubani alikuwa akizunguka ndege yake na kitambaa, mtu mkubwa wa mwili, mchache wa maneno. Mlango ulikuwa wazi. Nikafanya kama tulivyozoea kwenye mabasi: nikatupia kanga yangu kwenye kiti cha kushoto, nyuma ya kile cha rubani, nikaenda kukaa kivulini na moyo mweupe.

Katibu akaja na Landrover, na mkoba, na debe la asali la kuwapelekea wakubwa. Shikamoo yangu aliipokea akiwa anapita. Akaingiza kichwa ndegeni, akatoa kanga yangu, akaniletea akiwa ameishika kwa vidole viwili.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yangu, Ndugu Katibu. Nimekwisha kukaa pale."

"Mtu hukaa kwa kanga? Pale nakaa mimi. Vijiji vya upande ule nimevipima mimi, kwa kamba, kwa mikono yangu. Nataka niione mistari yake kutoka juu. Wewe unataka kuona nini? Choo?"

Bwana maji, ambaye alikuwa na homa na amejifunga sweta hadi kidevuni, alicheka. Nilimwangalia mpaka akaacha.

"Nataka kuona nyumba ya mama yangu," nikasema. "Ile uliyosema ipo."

 Katibu alikwenda akaweka mkoba wake pale kanga yangu ilipokuwa. Nikaenda nikautoa. Akaurudisha. Nikautoa, safari hii nikauacha uanguke mavumbini na kalamu zake nyingine zikamwagika. Watu wazima wawili, watumishi wa umma, tunagombea kiti kwa mtindo wa watoto wa darasa la kwanza. Na naapa ningempiga kwa debe lake lile kama rubani asingetuita kwenye mizani.

Ilikuwa mizani ya kupimia magunia, imetolewa kwenye kibanda cha mzigo. Kila mtu alipanda na mzigo wake. Katibu alipopanda na debe, rubani aliisoma mizani, akaisoma tena, akasema debe libaki. Katibu akasema debe haliwezi kubaki. Rubani akasema basi katibu abaki. Sijawahi kumpenda mtu nisiyemjua kama nilivyompenda rubani yule kwa dakika ile moja. Debe likabaki.

Kisha akatupanga. "Mimi mzito nipo kushoto. Kwa hiyo wewe mzito unakaa kulia. Mama mwembamba, nyuma yangu. Mgonjwa, mbele na mimi." Katibu alianza kueleza cheo chake. Rubani alikuwa amekwisha kugeuka kwenda kuwasha injini.

Nikakaa kushoto. Niliutandaza mkono dirishani kama mwenye shamba. Katibu alikaa kulia kwangu, mapaja yetu yametenganishwa na upana wa kiganja, amevimba. Nilimwambia, "Usijali, Ndugu Katibu, nitakuhadithia." Nilikuwa nimeshinda, na mshindi huwa mjinga kwa muda.

Tuliruka kuelekea mashariki, kukabili upepo. Nilidhani tutakata kona mara moja kwenda kusini, nami nitaipata Mungaa dirishani kwangu. Lakini ule ulikuwa mwezi wa kuchoma nyika. Upande wote wa kusini wa mji ulikuwa na moshi mzito, na rubani, ambaye dresa hakumchora kwenye mchoro wake, aliendelea kwenda mashariki ili auzunguke. Alipokuja kukata kona, Mungaa yote ilikuwa imekwisha kuwa kulia. Kulia. Kwa katibu. Kwangu kulikuwa na pori.

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka, na juu ya aibu, hasira. Lakini kabla ya hapo, tulipokuwa tukipita vijiji vya karibu na mji ambavyo havikuhamishwa, nilikuwa nimeona jambo lililonichanganya, na lazima nilieleze.

Nyumba zetu Wanyaturu wakati ule zilikuwa matembe. Kuta za miti na udongo, na juu paa bapa: magogo, fito, nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa. Paa lile ni ardhi nyingine. Tulianika uwele juu yake, tulicheza juu yake, mvua ikinyesha liliota majani. Mimi nimezaliwa chini ya paa la namna hiyo na nimeliona maisha yangu yote, lakini nimeliona kutoka chini na kutoka pembeni. Sasa nilitazama chini nikitafuta nyumba, nisione nyumba. Niliona njia za ng'ombe zinakutana mahali pasipo na kitu. Niliona moshi wa jiko unatoka ardhini. Niliona mwanamke anatandaza nafaka katikati ya shamba, nikajiuliza ni mwendawazimu gani anayeanika nafaka shambani, hadi nilipoona kivuli kirefu pembeni mwake, chenye kona. Hakuwa shambani. Alikuwa juu ya paa lake, na nyumba nzima ilikuwa chini ya miguu yake, watu na ndama na vyungu, nami nilikuwa siioni.

Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimepigania dirisha la kuonea kitu kisichoonekana. Kama tembe letu lilikuwa zima, ningepita juu yake nisilione. Na kama ningeliona vizuri, basi paa halipo.

"Mistari!" Katibu alikuwa amepata uhai upya, anapiga kelele kushinda injini, paji la uso limegusa kioo. "Ona mistari ile! Mtu hata angetumia rula!" Alisahau kwamba tulikuwa tumegombana. Alikuwa na furaha ya kweli, na furaha yake ilinichukiza kuliko dharau zake.

Nikafungua mkanda. Sikuomba. Nilimpandia mapajani, goti langu likamwingia tumboni, nikaweka uso kwenye kioo chake. Alinisukuma kwa kiwiko. Nikamshika ukosi wa ile suti na nikaendelea kutazama. Ndege iliinama kidogo. Rubani akapaza sauti, "Kaeni!" Bwana maji akatapika ndani ya sweta lake.

Kijiji kipya kilipita: mabati ya ofisi, vibanda vimepangwa foleni. Katika hivyo kimoja kilikuwa cha mama, lakini sikukitafuta. Nilitafuta mawe mawili makubwa yaliyoegemeana, ambayo yapo nyuma ya kwetu. Nikayaona. Nikaona uzio wa minyaa, duara la kijani. Na ndani ya duara nikaona nyumba yetu, wazi kabisa, kila ukuta. Niliona vyumba kimoja kimoja, vimejipanga kuzunguka ua, vidogo, vitupu, vimejaa jua. Chumba cha mama. Chumba alichofia baba. Zizi la ndama. Jiko lilikuwa jeusi peke yake kati ya vyumba vyekundu, kwa masizi ya miaka yote ile, na jua liliingia mpaka pembeni ambako tangu nizaliwe halikuwahi kufika. Hakuna gogo hata moja lililokuwa limebaki. Miti yote ilikuwa imechukuliwa.

"Si hiyo?" katibu alisema chini yangu, anahema. "Si nilikwambia ipo?"

"Haina paa!"

"Paa?" Alinitazama kwa mshangao ambao hadi leo sijui kama ulikuwa wa uongo. "Nyumba zenu mbona hazijawahi kuwa na paa?"

Nimeligeuza neno lile miaka mingi. Labda alijua, alitoa yeye mwenyewe amri miti ikajenge ofisi yake. Au labda hakujua kweli. Kwao nyumba ni nyasi zilizochongoka au bati, na alipoziona kuta akaona nimeshindwa. Mwongo au mjinga, mimi nampa yote mawili, yanamtosha. Siku ile nilimwambia, "Njia ya mwongo fupi, Ndugu Katibu," nikarudi kwenye kiti changu nilichokipigania, nikafunga mkanda, nikatazama pori mpaka Dodoma. Alisema atanishtaki kwa kumshika ukosi. Nikamwambia anishtaki na kwa goti.

Hakunishtaki. Semina ilikuwa ya nyumba bora. Alisimama akasoma taarifa ya vijiji vyake, akapigiwa makofi, nami nilikuwa safu ya tatu na mikono yangu imekaa mapajani.

Nilirudi kwa basi, kisha kwa lori la chumvi hadi kijijini kwa mama. Njia nzima nilikuwa na maneno yangu mkononi. Mama, haipo, wameibomoa, jenga. Maneno manne. Nilikuwa na ushahidi alioutaka, na angeniamini mimi kuliko yeyote. Mawingu yalikuwa yamekwisha kufunga upande wa mashariki.

Nilimkuta nje ya kibanda. Alikuwa amefunga vyombo vyake. Mikeka imeviringishwa, vyungu vimefungwa kwenye shuka, kinu kimelazwa tayari kubebwa. Aliniona tangu mbali akajaribu kusimama upesi, kikohozi kikamrudisha chini. Nilipomwamkia aliitika "marahaba" kabla sijamaliza, na uso wake, Mungu wangu, ulikuwa uso wa binti anayesubiri kuposwa.

"Umeiona?"

Nilimchukia katibu kwa nafsi yangu yote wakati ule, nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa neno la katibu.

"Ipo, mama."

Akafumba macho. Nami, kwa kuwa uongo mtupu una aibu, nikaanza kuuvika nguo. Nikamwambia nimeiona vizuri sana, kana kwamba nimeishika. Nimeyaona mawe, nimeuona uzio, minyaa imestawi. Nimeona chumba chako, nikasema. Nimeona zizi la ndama. Nimeona mpaka jiko lako na masizi yake.

Mama alifumbua macho.

"Ulikuwa juu?"

"Juu kabisa, mama. Kama tai."

"Ukayaona masizi ya jikoni."

  Mama akavuta lile furushi la vyungu, akaanza kulifungua fundo, taratibu, akatoa chungu kimoja akakiweka chini, akatoa cha pili. Alipovimaliza vyote aliniambia nikamwite kaka yangu, aje na shoka, na apite kwanza kwa majirani kuazima la pili.

Niliinuka. Nilikuwa nimekwisha kupiga hatua kadhaa aliponiita. Hakusema Kiswahili, alisema Kinyaturu, bila ukali wowote.

"Yule katibu kunidanganya ni kazi yake, alitumwa. Wewe umetumwa na nani?"